Lulu Imefungwa, Oloo Bado Anazungusha

Jua la Jumamosi linaanza tu kuchungulia soko la Nakivubo, Kampala, na Oloo ameshapiga goti juu ya bonge la barafu, analikata kwa msumeno wa seremala. Unga mweupe unamrukia kifuani. Wauza samaki wamemzunguka na makarai yao, kila mmoja akitaka awe wa kwanza.

"Mzee Oloo, mbona kipande changu kidogo hivi? Hii si ya kutia kwenye soda?"

"Soda unayo?" Oloo anamuuliza mama aliyelalamika, bila kuinua kichwa.

Kicheko kinapita foleni nzima. Mwaka huu wa 1978, soda Kampala ni hadithi ya kuwasimulia watoto.

Kazi ya Oloo ni kuzuia barafu isiyeyuke. Akishaikata huifunika kwa makapi ya kahawa, kisha gunia lililoloweshwa, ili ngege wa wenyewe, samaki wa ziwani, wafike mchana wakiwa bado na macho ya kung'aa. Siku umeme ukiwepo kwenye kiwanda cha barafu, hupata shilingi thelathini hivi. Usipokuwepo, hurudi nyumbani Makindye kwa miguu, na mkewe Phelister humpokea mlangoni: "Karibu, bwana barafu."

Lakini iko Kampala nyingine inayomjua kwa kazi tofauti kabisa. Kwa miaka kumi na miwili, Oloo ndiye aliyetengeneza aiskrimu ya Lulu, lile duka la meza za marumaru chini ya kilima cha Nakasero. Alitoka kwao Gem, Kenya, akitafuta kazi ya kufyeka bustani. Mwenye duka, Mhindi mwenye sauti ya tarumbeta, akamtazama mabega, akampa mpini wa mashine, akamwambia, "Zungusha."

Akazungusha mpaka akaoa. Phelister alikuwa msichana wa kaunta.

"Aliniposa kwa bakuli la embe," anasema Phelister. "Nilidhani ni zawadi. Kumbe ni mahari!"

Jumapili palijaa. Makarani, wauguzi, askari wa kambi ya Makindye na wake zao, wote foleni moja. "Hata mwenye nyota begani alingoja zamu yake," anasema Oloo. "Aiskrimu haijui saluti."

Mwaka 1972 mwenye duka aliondoka pamoja na Waasia wenzake waliofukuzwa nchini. Duka likapata bwana mpya, kisha mwingine. Sukari ikaadimika, maziwa yakafuata, na Jumapili moja ya 1974 mlango haukufunguliwa. Hakuna aliyetangaza. Watu walikuja, wakasimama mbele ya vioo wakijitazama, wakarudi walikotoka.

Badala ya ujira wa mwezi wa mwisho, Oloo alipewa mashine ya zamani ya mkono: pipa la mbao, mkebe wa bati ndani yake, na mpini wa kuzungushia. Phelister aliifanya ghala la viazi.

Leo viazi vimehamishwa. Sababu ni Akidi, mke wa sajini wa polisi, mwenye duka dogo Ntinda lenye veranda pana mbele. Akidi alikuwa mteja wa Lulu tangu mimba ya mwanawe wa kwanza, Ochan. Walipokutana na Oloo penye samaki, alimwambia veranda ile ataipata ya kuuzia aiskrimu, mradi aonyeshe kwamba mkono wake haujasahau. Fundi cherehani naye anaitaka, na atakuja jioni hii kuchukua jibu.

"Ninyi wanaume mnasifu sana mikono yenu," Akidi alimwambia. "Mimi nataka kuonja."

Yeye ndiye aliyeleta maziwa, mayai, na kilo mbili za sukari ya magendo. Hakuna nyingine. Ikiharibika, basi.

Saa nane mchana Oloo yuko Ntinda, kwenye veranda yenyewe, amevua shati. Maziwa yameshapikwa na mayai, yakapoa, yakamiminwa mkebeni. Amejaza barafu pembeni, akanyunyiza chumvi kiganja kimoja, akafunika juu kwa makapi na gunia. Anazungusha. Anabadilisha mkono. Jasho linatiririka mpaka mshipi wa suruali umelowa.

Akidi anafunua mkebe, anachungulia.

"Mzee, hii kitu haigandi. Umetupikia chai baridi?"

"Ngoja, Mama Ochan. Haraka ya nini?"

"Mimi sina haraka. Fundi ndiye ana haraka."

Oloo anazungusha tena, sasa kwa hasira. Maziwa yanabaki maziwa. Mtu aliyeshibisha mji mzima aiskrimu ameketi mbele ya pipa, haelewi limemkataaje.

Phelister, aliyekuja naye, ndiye anayeinama, anainua gunia, anashika kiuno.

"Jaduong', mzee wangu, haya makapi ya nini?"

"Isiyeyuke."

"Isiyeyuke? Kwani humo ndani umelaza ngege?"

Oloo anajipiga kofi la paji. Miaka minne ya sokoni imemfundisha kuilinda barafu, na mikono imetii bila kuuliza. Ila barafu ya aiskrimu haitakiwi kulindwa. Lazima iyeyuke, tena kwa fujo, kwa chumvi tele, maana ikiyeyuka ndipo inaponyonya joto la maziwa. Na chumvi aliionea huruma: kopo alilobeba ndiyo chumvi yote ya nyumbani, na madukani hakuna.

Anamtazama mkewe. Phelister haangalii pembeni.

"Mwaga yote. Tutakula mboga chapwa, si tutazoea?"

Makapi yanatupwa uani. Chumvi inamwagwa, barafu inaanza kulia, maji yanatiririka sakafuni. Punde mpini unakuwa mzito. Oloo anauegemea kwa kifua kizima, akitabasamu kama mtu aliyesikia hodi ya ndugu aliyepotea.

Kule Lulu hakuna aliyelipa kabla ya kuonja, na Phelister hajaacha desturi. Anachota kwa kijiko cha mbao, anamkabidhi Akidi kwa mikono miwili.

"Siyo," anasema Akidi.

Oloo anaachia mpini.

"Ya Lulu ilikuwa na vanila. Tena ilikuwa laini kuliko hii." Analamba kijiko pande zote mbili. "Lakini pia ilikuwa na mimi nikiwa na kiuno. Hii ni kitu ingine. Leta tena."

Bakuli la tatu ndilo linalompa jibu la fundi: atafute veranda kwingine.

Oloo ameshapanga. Ataanza na Jumapili tu. Sukari ikikosekana ataponda ndizi za bogoya zilizoiva sana. Chumvi ya mawe ameagiza kwa Kakule, dereva wa lori anayepita Katwe, kwenye ziwa la chumvi. Na kwenye kibao hataandika Lulu. "Lulu ilikuwa ya watu wa enzi ile," anasema. "Hii wataipa jina watakaoila."

Anaulizwa anatamani nini zaidi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi haleti mzaha.

"Siku hizi ukimwona mtu amepiga pasi nguo zake nzuri, unajua anakwenda mazishi," anasema. "Mimi nataka Jumapili moja jirani amuulize mwenzake, 'Umependeza hivyo, nani amefariki?' Naye ajibu, 'Hakuna. Nakwenda kula aiskrimu.'"