Mwarobaini wa Mama na Tepu ya Mradi

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakishuka ziwani mafungu kwa mafungu, na Kigoma ikajaa wageni wa kila namna ya msaada, mradi mmoja uligundua shida yetu kubwa: hatukujua miti ya mjini inatusaidia kiasi gani. Hewa tulikuwa tunaivuta hivihivi, bila ripoti. Nikaajiriwa mimi, binti wa Ujiji niliyemaliza shule na kukaa nyumbani, nizungushe tepu kwenye kila shina, usawa wa kifua, na kujaza fomu. Mtaalamu wetu, kijana mpole mwenye ofisi Katubuka, aliziingiza fomu kwenye kompyuta, nayo ikatueleza kila mti umemeza moshi kiasi gani na kuzuia maji ya mvua kiasi gani.

Programu ile ilikuwa na akili nyingi mno. Iliuliza majani yanapukutika lini wakati wa theluji. Iliuliza kivuli kimepunguza vipi matumizi ya kiyoyozi, nami nikatazama nyumba za majirani, ambazo kiyoyozi chao kilikuwa mlango ulioachwa wazi. Mtaalamu akasema nijaze tu, mfumo haupendi nafasi tupu.

Kilichonishinda ni mti wa nyumbani. Mwarobaini wa mama ulikuwa mbele ya nyumba yetu, kando ya njia itokayo mwaloni, mashua zinakotia nanga. Waliovuka ziwa walikaa chini yake na mafurushi yao, mama akawatolea maji ya mtungi. Wakimshukuru kwa lugha yao, urakoze, yeye alijibu amina, maana hakujua jibu jingine. Siku moja mwanamke alijifungulia pale, khanga zikiwa zimezungushwa kwenye shina. Nilitafuta kwenye fomu sehemu ya kuandika hilo, nikakuta ya kiyoyozi.

Mama alikuwa mwosha maiti wa wanawake mtaani kwetu. Yeye ndiye aliyempima marehemu kwa kamba, akakata sanda, kisha kamba ileile wakapewa wachimba kaburi. Nilipotoa tepu, akaja kusimama kati yangu na shina.

"Kamba hiyo ya nini?"

"Napima mti, mama. Kompyuta ijue faida yake."

"Nimepima watu wengi kwa kamba, mwanangu, na hakuna hata mmoja aliyeamka. Mti wangu uko hai. Usiuguse."

Ningeweza kubuni namba. Njia ya kwenda Simbo nilikadiria miti mistari mizima bila kushuka kwenye baiskeli, na kompyuta ikafurahi. Lakini kwa mti wa mama nikashikwa ghafla na uaminifu. Nikauruka, nikijisifu kwamba nimemheshimu mzazi na sayansi kwa mpigo mmoja.

Ramani ikatoka, nzuri ya kutundikwa ukutani. Kila mti uliopimwa ulikuwa doa la kijani. Mbele ya nyumba yetu palikuwa peupe. Basi ilipohitajika sehemu ya kugeuzia malori ya kubeba wakimbizi, wakubwa waliifungua ramani wachague mahali pasipo na mti, ili mazingira yasiharibiwe. Wakachagua kwetu.

Katapila lilipofika nilipanda baiskeli mbio hadi Katubuka. Mtaalamu akanigeuzia kioo cha kompyuta.

"Dada, hapa hakuna mti."

"Upo! Nimekulia chini yake."

"Ungekuwepo, si ungeupima?"

Nilitamani kumrushia ile kompyuta, lakini aliyeufuta mti ule ni mimi, kwa kalamu yangu mwenyewe.

Niliporudi, mwarobaini ulikuwa umelala ukikatiza njia, mizizi ikiwa na udongo mbichi. Dereva aliniambia kwamba mti aliuona vizuri sana, ila karatasi aliyopewa ilikuwa na muhuri. Mama alikuwa kwenye kizingiti, jua likimpiga hadi ndani ya chumba. Nilitaka anigombeze.

Aliinuka, akaenda hadi kwenye shina, akalipangusa vumbi kwa kiganja.

"Lete kamba yako," akasema. "Sasa unaweza kuupima."

Nikaitoa tepu. Akanishikia ncha ya pili, kama alivyozoea.