Salamu Nilizozipunguza

Nilifika Karatu siku ya nne tangu kutoka Arusha, na Arusha yenyewe nilikuwa nimeifikia baada ya miaka mitatu ya kuhamahama. Kutoka Singida nilikozaliwa nilikwenda Korogwe kuhesabu matita ya mkonge. Kutoka Korogwe nikapanda treni hadi Moshi, kwenye mashamba ya miwa. Kwenye miwa niliondoka bila kugombana na mtu, kama nilivyoondoka kwingine kote. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, blanketi moja, na miguu isiyopenda kulala mahali pamoja. Mtu mmoja Arusha aliniambia kuna ghala la ngano Karatu linatafuta karani. Sikujua Karatu iko wapi. Nikapanda lori la saruji.

Ilikuwa masika. Makuyuni tulikwama siku mbili, magurudumu yamezama hadi ekseli. Juu ya mifuko ya saruji tulikuwa watu tisa na kuku mmoja. Kuku alikuwa wa mama mmoja Mwiraqw, mtu mzima, aliyejifunika kaniki na kumpakata kuku wake ndani ya kikapu kama mtoto mgonjwa.

"Mama, huyo ni mzigo au abiria?" utingo akamtania. "Maana nauli yake sijaiona."

"Ni zawadi," yule mama akajibu.

"Ya nani? Ya kwangu?"

"Ya mwanangu. Mwanangu hayupo, basi inarudi nyumbani."

Utingo akacheka, halafu akanyamaza alipoona hakuna mwingine aliyecheka. Baadaye mama akanisimulia. Mwanawe alifungwa kwa ugomvi wa kilabuni, mtu akaumia vibaya. Mama aliuza mbuzi wawili, akasafiri hadi gereza alikoambiwa yuko, akasimama getini na kuku wake. Askari akamwambia kijana amehamishwa tangu mwezi uliopita, yuko gereza la kilimo huko mbali, kupita Dodoma. Nikamuuliza kama hakuletewa barua.

"Karatasi ataipata wapi?" alisema. "Na ikija, nani asome? Wewe kijana, kuandika unajua?"

Nikasema najua. Tulipoipanda ile kona ya mwisho juu ya Manyara, ukungu ukatuficha hata tukawa hatuonani, naye akawa bado ananiuliza, kama anayekagua ng'ombe kabla ya kununua: naandika haraka? Naandika herufi kubwa? Sisahau nilichoambiwa?

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi mbili Karatu. Ya kwanza ilikuwa ghalani. Ya pili ilikuwa kila siku ya mnada, chini ya ukuta wa ghala, mimi na daftari langu na yule mama ambaye sote tulimwita Aama, yaani bibi kwa lugha yao. Yule kuku wa zawadi alianza kutaga, na Aama akaapa kwamba mayai yake hayataliwa na mtu, yatanunua stempu. Wanawake wengine wenye watu wao ndani wakasikia, wakaanza kuleta yai moja, mawili. Mayai yalikwenda na gari la hoteli ya juu ya kreta, na pesa yake ikanunua karatasi, bahasha na stempu kwa yeyote mwenye mfungwa, awe Mwiraqw wa Buger au Mmasai wa Arash. Hakuna aliyeulizwa mtu wake alifanya nini.

Barua zilitakiwa ziwe za Kiswahili ili bwana jela azisome kwanza. Kwa hiyo mimi nilisikiliza Kiiraqw kwa msaada wa Aama, na Kimasai kwa msaada wa mikono, nikaweka yote katika Kiswahili cha shuleni. Nilijipenda sana miaka ile. Watu walinipisha nikipita.

Mmoja wa waliokuja alikuwa mama wa Kimasai kutoka nyanda za juu, nyuma ya kreta. Alitembea siku mbili kuja, siku mbili kurudi, na punda wake. Mwanawe alifungwa kwa kesi ya ng'ombe, miaka sita, akiwa ameoa karibuni. Alikuwa gereza lilelile la mtoto wa Aama, na huyo mtoto wa Aama, aliyefika darasa la saba, ndiye aliyemsomea barua. Mama huyu alijua Kiswahili cha mnadani na alikitumia bila woga.

"Yeyo, takwenya," nilimsalimu kwa lugha yao; yeyo ni mama.

"Iko," akaitikia. "Ormeek, kalamu yako imekula leo? Ina nguvu? Maana mimi nina watu wengi."

Ormeek ni jina wanalotuita sisi tusio Wamasai, na si la heshima sana, lakini kwake lilikuwa kama kunifinya shavu. Kweli, alikuwa na watu wengi. Barua yake haikuwa na habari hata moja. Ilikuwa majina tu. Baba wa kijana, ndugu zake, wake za ndugu zake, watoto wao, mmoja mmoja, halafu ng'ombe, mmoja mmoja pia, kila mmoja na jina lake na rangi yake. "Fulani anakusalimu. Fulani anakusalimu." Mke wa kijana alikuja mwisho wa watu, kabla tu ya ng'ombe, maana alikuwa mgeni bomani. Mwaka wa pili, baada ya jina la mke, likaongezeka jina la mtoto wa kike aliyezaliwa baba yake akiwa ndani. Jibu lilikuja kwa mwandiko wa mtoto wa Aama, mstari mmoja tu: "Nimemsikia mtoto." Yule mama alinifanya nimsomee mstari huo mpaka watu wa foleni wakaanza kunung'unika.

Kisha mpaka na Kenya ukafungwa. Watalii wakapungua hadi hoteli ikawa haina wa kumkaangia yai, na gari lake likaacha kusimama kwetu. Tukauza mayai pale pale mnadani kwa bei ya hasara. Barua nene ilitaka stempu zaidi, na karatasi yenyewe ilikuwa imeadimika madukani. Nikamwambia Aama: kuanzia sasa, kila mfungwa karatasi moja. Hivyo kila familia itapata barua. Aama akakubali. Ulikuwa uamuzi mzuri, na mpaka leo sijaona tungefanyaje vinginevyo.

Kosa halikuwa hapo. Shuleni nilikuwa bingwa wa ufupisho. Mwalimu alitupa ukurasa mzima, mimi nikaurudisha mistari sita, na hakuna kilichopotea. Yule mama wa Kimasai alipokaa mbele yangu siku hiyo na kuanza majina yake, niliandika baba, ndugu, wake za ndugu wawili watatu, baadhi ya watoto wao. Karatasi ikakaribia kwisha. Nikaandika: "Na watu wengine wote wa boma ni wazima, wanakusalimu." Yeye alikuwa bado anataja. Kalamu yangu niliiacha ikitembea hewani, juu kidogo ya karatasi, ili aione inatembea.

Alipomaliza akaiangalia ile karatasi. Hakujua kusoma, lakini macho alikuwa nayo.

"Ndogo," alisema. "Umeandika wote?"

"Nimeandika wote, yeyo."

"Hata mwisho?"

"Hata mwisho."

Nilimwandikia hivyo barua tatu. Majibu hayakuja, nasi hatukushangaa, kwa kuwa mfungwa naye hupata karatasi kwa shida.

Mtoto wa Aama alitoka kwa msamaha wa sikukuu, miezi kadhaa kabla ya wakati wake. Aama alichinja. Niliitwa kwao Buger kula, na baada ya kula kijana akanishika mkono kunishukuru. Alisema barua za mama yake ndizo zilizomfanya asikubali kuwa mtu wa jela. Halafu akauliza, kama mtu anayetimiza wajibu, atawapataje wale Wamasai wa juu ili awape pole.

"Pole ya nini?" nikamuuliza.

"Ya yule mke na mtoto wake mdogo. Na wale wengine."

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nilimwona mama yao mnada uliopita, akicheka.

Kijana akamtazama mama yake, akanitazama mimi. Akaeleza taratibu. Kwa Wamasai, mtu akifa jina lake halitajwi tena. Likitajwa ni kama unamwita, na hapaswi kuitwa. Kwa hiyo mwenzake yule, kila barua ilipofika, alihesabu kwa vidole. Barua ya karatasi moja ilipokuja, vidole vingi vikabaki vimekunjwa. Akamwambia kijana asome tena. Akasoma tena. "Na huyu?" Hayumo. "Na huyu?" Hayumo. "Na mtoto?"

"Nikamwambia, lakini imeandikwa wote ni wazima," kijana alisema. "Akanijibu, wote ni waliobaki."

Aama akaweka kibuyu chini.

"Kule sote tumenyolewa," kijana akaendelea. "Hakuwa na nywele za kunyolea msiba wala shanga za kuvua. Akakaa tu, uso ukutani. Barua zilizofuata alinikataza kuzifungua."

Sikusubiri mnada. Usiku ule niliandika karatasi tatu, kwa kumbukumbu, maana majina yale nilikuwa nayo yote. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka sasa: sikuyapunguza kwa kuyasahau. Nilinunua stempu mwenyewe. Barua ilirudi baada ya miezi miwili, imefunguliwa na kufungwa tena, na juu yake imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba mfungwa amemaliza kifungo na ameondoka. Sikuwa nimejua kwamba amepunguziwa kifungo kwa tabia njema. Mtoto wa Aama aliposikia alisema kwamba mwenzake aliwahi kumwambia hana pa kurudi. Boma lililokufa watu wengi hivyo litakuwa limehama, na anayelifuata atakuta mashimo ya nguzo.

Yule mama, ambaye miezi hiyo yote hakushuka Karatu, alikuja mnada uliofuata. Safari hii aliongozana na mjukuu wake, yule yule, ana miaka minne hivi, amevaa shuka na shanga za bluu shingoni. Mtoto wa Kimasai humsalimu mtu mzima kwa kuinamisha kichwa ili awekewe mkono. Akanijia, akainamisha. Nilisimama. Bibi yake akasema, "Ormeek, mtoto anakusalimu, umekuwa jiwe?" Nikaweka kiganja. Kichwa kilikuwa cha moto kwa jua na vumbi. Jina lake lingechukua nafasi ya vidole viwili tu kwenye karatasi, nami nilikuwa nimeliacha nje.

Nikamweleza. Aama alikuwapo, akanisaidia niliposhindwa. Nilipomaliza mama yule akakaa chini, miguu imenyooshwa mbele.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza, yeyo."

"Nilisema, hata mwisho? Ukasema, hata mwisho."

"Ndiyo."

"Karatasi ngapi zilitakiwa?"

"Mbili zaidi."

"Mimi nina ng'ombe," alisema. "Ungeniambia, Ormeek. Ningeuza ngozi. Ningeuza hata ng'ombe wa kuandikwa mwisho, akalipa kuandikwa kwa wenzake."

Hilo lilinichoma kuliko tusi. Muda wote tulikuwa tukiwahurumia kwa umaskini wao, na hatukuwahi kuwauliza wanaweza nini.

Nilikaa Karatu mwaka mmoja zaidi, nikiandika kila jina la kila mtu, foleni ikizunguka ghala. Watu wakaanza kusema karani amerukwa na akili, anaandika hata majina ya mbwa. Nyakati za ukungu niliona watu warefu wenye shuka wakija kutoka upande wa kreta, na kila mmoja alikuwa yule mfungwa mpaka aliponikaribia na kujitaja. Sikuwahi kuuona uso wake. Hata leo simjui kwa sura.

Tangu hapo nimepita Kibaya, Handeni, Morogoro, kokote Wamasai walikohamia na ng'ombe zao au kwenda kulinda maduka. Nimemuulizia. Wengine walinihurumia, wengine walidhani ninadai deni. Majina yenyewe sitayaandika hapa. Miaka imepita, na sijui ni yupi kati yao bado anatajika.

Siku niliyoondoka Karatu moja kwa moja, lori la ngano lilikuwa linakwenda Babati. Aama alinipa mayai ya kuchemsha. Yule mama alikuja kutoka juu, sijui nani alimpelekea habari, na mjukuu wake nyuma. Hakuniaga. Akashika ubao wa lori.

"Ukimkuta, usimwambie mama yako analia. Silii. Usimwambie rudi. Taja tu. Haya, taja nisikie."

"Hapa, yeyo? Mbele ya watu?"

"Barabarani utamkuta wapi, chumbani?"

Nikaanza, nimesimama juu ya magunia. Baba. Ndugu. Abiria wakageuka.

"Mwalimu," utingo akapaza sauti, "unaita mahudhurio? Darasa liko wapi?"

"Mwache!" Aama akamfokea. "Wewe mama yako alikupa jina la nini kama si la kuitwa?"

Kicheko kikapita, kikaisha. Nikaendelea. Mama yule alinirekebisha mara moja, akaongeza mtoto wa shemeji aliyezaliwa wiki hiyo. Nikataja mke. Nikataja mtoto, na mtoto mwenyewe, aliyekuwa ameinama akitazama chini ya lori, akanyanyuka na kuitika.

Bibi yake hakumgeukia. Alinikazia macho mimi, mkono bado uko kwenye ubao. Dereva akapiga honi, gari likaanza kwenda, naye akawa anatembea pembeni yake. Nikaingia kwenye majina ya ng'ombe.