Mkono Uliobaki Hewani

Kila nikikata kitunguu, namwona mama akipangusa mkono kwa leso.

Siku hiyo mwalimu alikuwa amenisimamisha mbele ya darasa. "Tatu iko nje ya mabano, ndani kuna x na mbili. Umezidisha x, hiyo mbili umeiachia nani? Ati mgeni akiingia kwa nyumba anasalimia mtu mmoja?" Darasa likacheka. Nilirudi nyumbani Saboti bila kuelewa.

Kabla sijatua mkoba, nyanya, mamake baba, akaingia kutoka Bungoma. Akamshika baba mkono. Akanishika mimi, akamshika hata mdogo wangu aliyelala kitini. Mama akaja mbio kutoka jikoni, akapangusa mkono, akaunyoosha.

Nyanya akaupita, akaketi.

"Maji ya kunywa iko?" akamuuliza baba.

Mkono wa mama ulibaki hewani, ukinuka kitunguu, nami nikaiona ile mbili yangu, imeachwa ndani ya mabano.

Kesho yake nilipata hesabu zote. Mama akapitisha kidole juu ya zile tiki nyekundu, akatabasamu.

"Nani amekuelewesha hivi?"

"Mwalimu," nikasema.