Ng'ombe wa Mgomba

Siku ya kwanza kuripoti kazini Kibondo, mwaka 2012, nilivaa viatu vya kanisani nikidhani naenda ofisini. Nilikuta chumba kimoja nyuma ya ghala la mahindi, na mama mmoja mfupi amepiga magoti sakafuni akikata karatasi za manila. Huyo ndiye aliyekuwa Mkuu wa Uchoraji, bosi wangu wa kwanza. Hakuniuliza cheti. Alinipa penseli, akasema, "Nichoree mbuzi anayekataa kwenda."

Nikachora. Akamtazama yule mbuzi kwa muda. "Huyu kakubali," akasema. "Chora tena."

Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na zana zangu za kufundishia zilisifiwa kata nzima. Mradi wetu ulitengeneza vitabu vya picha kwa madarasa ya mwanzo, ukawa unatafuta mchoraji anayewajua watoto wa huku, wanaoongea Kiha nyumbani na kukutana na Kiswahili mlangoni mwa shule. Nyinyi mnaochora kwa kompyuta mtanicheka, lakini kazi yetu ilikuwa hivi. Unaanza na rasimu ya penseli. Kisha unapaka rangi za maji, unazishona kurasa kwa sindano na uzi, unapata kitabu cha majaribio. Hicho kinapelekwa shuleni na kusomewa watoto, nawe unakaa pembeni, hutazami kitabu, unatazama macho yao. Mkuu wa Uchoraji alikuwa akituambia, "Mtoto akipiga miayo, kosa ni la ukurasa." Kila kitabu kilipewa majaribio mawili. Kikianguka yote, kinawekwa kando, basi.

Kakonko ilipokatwa kutoka Kibondo ikawa wilaya ya peke yake, wenzangu wengine walipelekwa kule, mimi nikahamishiwa Kasulu chini ya Mratibu wa mradi. Alikuwa na umri wa mwanangu wa kwanza. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo kwa adabu zote, halafu akaanza kunigombeza. Sikumchukia. Alipenda kazi, ila kwake kitabu kilikuwa lazima kifundishe jambo: kunawa mikono, kulala kwenye chandarua, kuchemsha maji. Nimechora sabuni nyingi mpaka nikawa naziota. Nilitamani, kabla sijastaafu, nitoe kitabu kimoja tu kisichomwamuru mtoto afanye kitu. Kitabu cha kucheza. Watoto wanachukua gogo la mgomba, wanalichomeka vijiti viwili vya pembe, na tayari wana ng'ombe.

"Mwalimu," Mratibu akasema alipoiona rasimu, "mtoto akizoea kwamba mgomba ni ng'ombe, kwenye mtihani ataandika nini?"

"Ataandika mgomba, baba. Watoto si wajinga."

Alicheka, jambo la nadra. "Haya, jaribu. Kikianguka, nafasi yake tunaweka kitabu cha choo bora."

Ugumu wa kitabu cha namna hii ni mmoja: utamwonyeshaje mtoto kwamba hapa ni kweli na hapa ni kujifanya? Katika vitabu vya nje nilikuwa nimeona wanachora wingu juu ya kichwa, na viduara vidogo vikipanda kutoka utosini. Ndani ya wingu ndimo yanamokaa mawazo. Nikaiga. Nilichora msichana ameshika gogo lake, na juu yake wingu zuri lenye ng'ombe wa pembe ndefu. Nilijiona fundi.

Tukaenda kukijaribu Kitahana. Mwalimu wa darasa alipofungua ukurasa ule, watoto wakasogea mbele. Kisha mmoja akanyoosha kidole. "Anafuka moshi kichwani!"

"Anaungua!" mwingine akadakia. "Na inka yao inaungua!" Inka ndiye ng'ombe kwa Kiha.

Darasa zima likataka kujua nani kamchoma mtoto yule na kwa nini mama yake haji. Mwalimu alijaribu kueleza kuhusu mawazo, ikawa kama kutwanga maji. Niliumia, nawaambia kweli.

Kengele ya mapumziko ikalia. Sikutaka kurudi garini kukaa na Mratibu, nikaenda kusimama nyuma ya madarasa, karibu na migomba. Wale wale walioniambia mtoto anaungua walikuwa wakiswaga magogo ya mgomba. Msichana mmoja alikuja kama mgeni. Wakamlaki kama tunavyolakiana sisi Waha: wakainama, wakapiga makofi taratibu, "Mwakeye, mwakeye," wakaulizana habari za nyumbani, za shamba, za watoto, salamu ndefu isiyo na haraka. Baada ya hapo hakuna aliyemwita kwa jina lake tena. Alikuwa mama mwenye mji, na magogo yalikuwa ng'ombe wake. Akaja mwenzao mbio, akashika gogo moja alivute.

"Acha!" akakemewa. "Wewe hujaamkia. Kwako huo ni mgomba tu."

Mlango niliokuwa nautafuta kwenye vitabu vya watu ulikuwa hapa, kwenye viganja vyao.

Nikarudi Kasulu, nikafuta mawingu yote. Nilichora kurasa mkabala, yaani zile mbili zinazotazamana: kushoto gogo limelala, kulia watoto wameinama wanapiga makofi. Hakuna ng'ombe hata mmoja. Ukifunua tu, ng'ombe wamejaa kurasa zote mbili, pembe mpaka ukingoni.

Mratibu akasema jaribio la pili anakuja mwenyewe kusimamia. Ilikuwa Heru Juu. Alisimama mbele kando ya mwalimu, mikono kifuani. Mwalimu akafika ukurasa wa makofi. Watoto, bila kuambiwa, wakainama na kupiga makofi, "Mwakeye, mwakeye." Mwalimu akashika pembe ya karatasi afunue.

"Bado!" wakasema. Macho yote yalikuwa kwa Mratibu.

Akanitazama. Nikatazama dirishani. Basi yule bwana akakunjua mikono, akainama na tai yake, akapiga makofi. Ukurasa ukafunuliwa, na kelele zilizotoka darasani mle sijazisikia tena. "Inka! Inka!" Mratibu naye alikuwa akicheka kwa sauti, akizionyesha pembe kwa kidole. Kitabu kikaenda kiwandani kuchapwa.

Nilistaafu mwaka 2015. Wachoraji wengi ni hodari kuliko mimi, na sina wivu. Ninachowaomba vijana ni hiki: kabla hujamchorea mtoto, kaa umwone anavyocheza. Nina furaha kwamba niliwahi kufanya hivyo kabla mkono haujachoka.

Siku ya kuniaga walinipa godoro, kama desturi. Halafu Mratibu akatoka nyuma ya ofisi akivuta kwa kamba gogo la mgomba lenye pembe mbili za vijiti. Akainama, akapiga makofi. "Mwalimu, ng'ombe wako wa kustaafia."

Godoro nililituma kwa bodaboda. Ng'ombe nilimswaga mwenyewe. Pale madukani mzee mmoja muuza mchele, tunayeheshimiana naye siku nyingi, akaniita, "Mama, mgomba huo unaupeleka wapi juani?"

"Hujaamkia, mzee wangu."

Alinitazama. Ana wajukuu shuleni, na kitabu kilikuwa kimefika. Akaweka chini kopo la kupimia, akatoka mpaka barazani, akainama kidogo na kupiga makofi.

"Jamani," akawaambia waliosimama njiani, "mpisheni ng'ombe wa mwalimu."