Jina la Pili kwenye Mkataba

Mtaani walimwita Dobi, na hata bintiye aliyeolewa mbali alikuwa akimtania kwa jina hilo kwenye simu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipiga pasi katika duka moja la kufulia nguo, chumba cha nyuma chenye dirisha dogo na joto la kukausha koo. Alizijua kola za watu kuliko nyuso zao. Mpe shati la mtu, atakwambia kama mwenyewe amepata kazi mpya, amekonda, au amegombana na mkewe na sasa anajifungia vifungo mwenyewe.

Miaka hiyohiyo yote alikuwa mpangaji wa Mwalimu, mzee mstaafu aliyeishi sehemu ya mbele ya nyumba na kupangisha ya nyuma: vyumba viwili, jiko dogo na bomba la maji. Mkataba wao ulikuwa wa kurasa tatu zilizoandikwa kwa mkono, hati safi kama ya ubaoni, vifungu vimepewa namba. Dobi aliuhifadhi kwenye mfuko wa nailoni, chini ya nguo zake za kutokea. Mara mojamoja, akiwa peke yake, aliutoa na kusoma mstari wa kwanza tu, ule wenye jina lake, kisha akaurudisha mahali pake.

Alikuwa na sababu. Mumewe alipofariki, bintiye akiwa na miaka sita, walikuwa wakiishi katika nyumba ya kupanga ambayo mkataba wake ulikuwa kwa jina la mume peke yake. Mwenye nyumba hakuwa mtu mkali. Alikuja na pole zake, akakaa, akanywa chai, kisha akasema kwamba yeye alikubaliana na marehemu, na marehemu hayupo. Siku ya tatu Dobi alitoka na mtoto mkono mmoja na beseni la nguo mkono wa pili. Kuanzia siku hiyo aliapa hatalala tena mahali ambapo jina lake halijaandikwa.

Miaka mingi baadaye, dukani akatokea mteja aliyeitwa Dereva. Alikuwa mwanamume mpana wa mabega, mwenye sauti ya chini, aliyeendesha malori ya masafa kwa miaka ishirini na sita. Shati lake la kwanza lilikuwa na doa la grisi begani, na Dobi akalitoa. Jumamosi iliyofuata akaleta shati lisilo na doa wala mkunjo.

"Hili lina shida gani?" Dobi akauliza.

"Nadhani mgongoni halijanyooka vizuri."

Dobi akaligeuza huku na huku. "Mbona sioni kitu?"

"Basi nitalileta tena wiki ijayo, ulitazame kwa makini."

Akalileta wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, mpaka wasichana wa kaunta wakawa wakimwona tu wanaita, "Dobi, shati lako limekuja." Hivyo ndivyo walivyozoeana, taratibu, kwa miaka miwili. Kisha goti la Dereva likamsaliti. Kampuni ikampumzisha, na kwa kuwa alikuwa akilala kwenye bweni la madereva, akatakiwa kukiacha kitanda chake huko mwisho wa mwezi.

"Njoo ukae wiki mbili," Dobi alimwambia. "Tuone."

Hakuzitaja wiki mbili kwa bahati. Kifungu cha saba cha mkataba kilisema mpangaji anaweza kupokea mgeni kwa siku kumi na nne, na zikizidi aombe idhini ya maandishi.

Dereva akaja na begi moja. Alilala ukingoni kabisa mwa kitanda, amejikunyata, kama mtu ambaye nafasi iliyobaki ni ya mzigo wa watu. Aliamka mapema, akakunja shuka, akafua soksi zake na kuzianika ndani zisionekane. Dobi akirudi kutoka kazini alikuta sakafu imepigwa deki na chakula kimefunikwa. Siku ya kumi, alimsikia Dereva akiimba jikoni, sauti mbovu isiyo na aibu, akasimama nje ya mlango akiwa na ufunguo mkononi mpaka wimbo ulipokwisha.

Siku ya kumi na nne ikafika, ikapita. Dobi alijua wajibu wake. Ilimpasa kutembea hatua ishirini tu, abishe hodi kwa Mwalimu, aseme. Lakini haya ilimshika. Mwanamke wa miaka hamsini na minne aende kwa mzee anayemheshimu kama baba yake, aanzie wapi? Kila asubuhi alijiambia jioni, na kila jioni akajiambia kesho. Wakaanza kuishi kwa kunyata. Viatu vya Dereva vikahamia chini ya kitanda. Redio ikateremshwa sauti hadi ikabaki kunong'ona. Dereva akijisikia kukohoa alijifunika mto usoni, na siku moja alijizuia kupiga chafya hadi machozi yakamtoka, Dobi akacheka mpaka akakaa chini.

Siku ya ishirini na sita ilikuwa Jumamosi. Asubuhi hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa Mwalimu na spana yake. Dobi mwenyewe alikuwa amemlalamikia mwezi uliopita kwamba bomba la jikoni linavuja, kisha akasahau. Dereva akachapua hadi nyuma ya kabati la nguo, mwili mzima ukaenea isipokuwa kiwiko.

Mwalimu alipiga magoti mbele ya bomba kwa shida, akaanza kukaza. Maji yakazidi. Akakaza tena, na maji yakamrukia miwani. Dobi alikuwa amesimama kati ya bomba na kabati, roho mkononi. Mzee akaweka uzito wake wote kwenye spana, bomba likalia, na sauti nzito ikatoka nyuma ya kabati:

"Mwalimu, shikamoo. Unalikaza kinyume. Litakatika."

Dereva akajitokeza, akachukua spana kwa mikono miwili kama mtu anayepokea zawadi, akapiga goti moja, lile lisiloumwa, na mara maji yakakatika.

"Marahaba," Mwalimu akasema, huku akifuta miwani. "Na asante." Kisha akamgeukia Dobi. "Mgeni wako ana siku ngapi?"

"Ishirini na sita, Mwalimu."

"Kifungu cha saba unakikumbuka?"

"Nakikumbuka."

"Kuwa na mgeni si kosa, binti yangu. Lakini umeishi kwangu miaka kumi na tisa, leo unamficha mtu nyuma ya kabati kama vile mimi ni askari." Akaenda zake, na mchana akaleta barua aliyoiandika mwenyewe: ndani ya siku saba, ama mgeni aondoke, ama mpangaji aje kuzungumza.

Dereva aliisoma akiwa amesimama. Kisha akavuta begi lake. "Mimi nimezoea kulala popote," alisema. "Wewe hii nyumba huwezi kuipoteza. Si kwa ajili yangu."

"Weka begi chini."

"Mama, nisikilize."

"Nimekusikia. Liweke chini, kisha ukae."

Dobi akautoa mkataba kwenye mfuko wa nailoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akakisoma kifungu cha saba mpaka mwisho. Baada ya maneno kuhusu idhini yalifuata mengine, madogo kidogo kwa kuwa ukurasa ulikuwa unakwisha: na mwenye nyumba hatakataa pasipo sababu ya msingi. Alikuwa ameziona siku kumi na nne tu kwa sababu ndizo zilizomtisha. Kumbe mzee naye alikuwa amejifunga.

Kesho yake wakaenda wote wawili. Mwalimu aliwakaribisha mezani, akawamiminia chai. Dobi aliomba radhi kwanza, kwa maneno machache, na mzee akaipokea kwa kutikisa kichwa.

"Nami niwaambie kilichonifanya nikiandike hicho kifungu," alisema. "Zamani mpangaji wangu alileta mtu. Mpangaji akahama, yule mtu akabaki. Ananiambia yeye anaishi hapa. Nani amemweka? Hajui. Tulipelekana kwenye baraza la nyumba kwa miaka miwili, na marehemu mke wangu akiwa mgonjwa. Kwa hiyo sikatai watu, nakataa kutojua nani yumo ndani ya nyumba yangu."

Akaeleza njia mbili, kwa kidole juu ya meza, kama anafundisha hesabu. Ya kwanza, angempa Dobi barua ya idhini na Dereva angekaa kama mgeni wake. Akivunja kitu, atakayeulizwa ni Dobi. Dobi akihama, au Mungu akimchukua, Dereva naye anaondoka. Ya pili ni kuliandika jina la Dereva kwenye mkataba. Hapo wote wawili wanakuwa wapangaji, wote wanawajibika kwa nyumba nzima, na mmoja akiondoka mwingine anabaki na haki yake.

"Lakini sikia vizuri," akamwambia Dobi. "Ukishamwandika, siku mkikosana huwezi kumwambia atoke. Itakuwa kwake kama ilivyo kwako. Mimi ningekuwa baba yako, ningekuambia ufikiri."

"Niandikwe mgeni," Dereva akasema bila kungoja. "Inatosha."

Dobi akaomba siku tatu.

Siku hizo tatu aliunguza shati moja la mteja, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Alimpenda Dereva, hilo lilikuwa wazi. Lakini ule mstari wa kwanza wenye jina lake peke yake ulikuwa kitu pekee maishani ambacho hakugawana na mtu. Jioni ya pili akampigia bintiye.

"Mama, usimwandike," bintiye alisema. "Akae mgeni, kuna ubaya gani? Nyumba ni yako. Mimi bado naikumbuka ile siku ya beseni. Ulikuwa umenishika mkono, nikawa nauliza tunakwenda wapi, nawe hujibu."

"Na mimi naikumbuka, mwanangu."

"Basi."

"Basi ndiyo maana," Dobi alisema, na akajisikia mwenyewe akiyasema. "Wewe unataka mimi nisitolewe tena. Mimi namwona yeye na begi lake, nami niko kaburini, anaulizwa nani amemweka hapa. Sitaki mtu wangu aulizwe swali hilo."

Bintiye akauliza jambo moja tu: "Anakutunza?"

"Anaimba vibaya. Ananitunza."

Siku ya tatu Mwalimu aliuongeza ukurasa wa nne, akaandika jina la Dereva kwa hati ileile safi. Dereva alisoma kila neno. Alikuwa ametia sahihi maelfu ya karatasi maishani mwake, zote za mizigo: imepokelewa, imekabidhiwa. Kalamu ilipomfikia alikohoa, safari hii kwa sauti yake yote, akasema, "Mwalimu, hapa panaposema makazi ya kudumu, ni hapahapa?"

"Ni hapahapa."

Akatia sahihi polepole, herufi moja moja. Dobi aliangalia dirishani ili asimwone akifuta macho.

Tusiseme kwamba baada ya hapo mambo yote yalikuwa asali. Mwezi wa pili waligombana juu ya redio, wakanuniana kutwa nzima. Dobi alifungua mdomo kusema "nyumbani kwangu", neno likafika kwenye ulimi, akalimeza. "Humu ndani," alisema badala yake, "tunapunguza sauti saa ya habari." Dereva akapunguza. Polepole alihama kutoka ukingoni mwa kitanda, hadi ikawa Dobi ndiye anayelalamika kukosa nafasi.

Mwaka wa tatu bintiye alijifungua mapacha, na Dobi akaenda kumsaidia kwa miezi minne. Ilikuwa mara ya kwanza kuondoka kwa muda mrefu bila hofu ya kukuta mlango umefungwa asiingie. Dereva na Mwalimu walibaki wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, na wakaanza kuandikiana. Dereva aliomba kwa maandishi ruhusa ya kupigilia msumari mmoja ukutani. Mwalimu akajibu kwa maandishi kwamba amekubali, ila neno ukutani lina u moja mwanzoni na si mbili. Barua zikaendelea hivyo kuhusu rangi ya jiko, kuhusu paka, na hatimaye kuhusu chakula cha mchana, maana walikuwa wakila pamoja kila siku.

Dobi aliporudi alimkuta Dereva amemsubiri kituoni tangu asubuhi, na shati limepigwa pasi, kola imeungua kidogo upande wa kushoto. Akaigusa kwa kidole.

"Umejaribu mwenyewe?"

"Nilikuwa na haraka," Dereva akasema, akachukua mzigo wa Dobi, na wakaanza kutembea kwenda nyumbani.