Wimbo wa Kupigia Plasta

Dada yangu alikalia sanduku la zana za mumewe, ufunguo kaubana kiganjani. Mimi kinyozi, bingwa wa utani mtaa mzima, siku hiyo nilijibanza mlangoni nikiwatazama.

"Inuka, mama watoto, nachelewa kazini," shemeji akasema. Yeye ni fundi wa plasta.

"Hainuki mtu hapa! Kila siku unaimba 'Kesho nakwenda, usinisubiri.' Unaniaga kwa mafumbo. Sema, unakwenda kwa nani?"

 Shemeji akadaka mwiko wa jikoni, akausogelea ukuta, akaanza kuimba. Kwenye "kesho" mkono ukapanda, kwenye "nakwenda" ukavuta pembeni, kwenye "usinisubiri" ukashuka kulainisha.

"Bila wimbo huu mkono wangu unakwenda upogo," akasema, jasho likimtiririka. "Maneno yake sijawahi hata kuyawaza."

Dada akamkazia macho. 

"Basi ukifika kwenye 'nakwenda', piga mluzi," akasema, akamrushia ufunguo.

Anapiga mluzi mpaka leo, na mluzi unampotezea mkono. Ukiona ukuta wenye vinundu mtaani kwetu, usimlaumu fundi. Hivyo ni vinundu vya ndoa.