Siku Niliyoandika Watu Stesheni ya Molo

Mpaka leo kuna wazee Molo ambao nikishuka tu kwenye gari la moshi wanatunisha vifua mbele yangu na kuuliza, "Karani, leo unaandika?" halafu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi nacheka nao, kwa sababu nitafanya nini, aibu ikishajulikana na mji mzima si yako tena, ni mali ya wote. Afadhali niieleze mwenyewe, maana nimesikia wengine wakiieleza na wanaongeza chumvi (eti nilikuwa nimevaa miwani, sijawahi kuvaa miwani).

Kwanza mjue mimi si mchoraji. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikaja Nakuru kwa mjomba wangu aliyekuwa na kazi ya reli, nikapata kazi ya kubeba magunia kwenye kinu cha unga. Ila nilikuwa na ugonjwa mmoja: nikisafiri popote nikaona jengo la zamani, mkono unaniwasha, lazima nilichore. Ugonjwa ulizidi walipotujengea stesheni mpya Nakuru, kwa sababu ile ya zamani nilikuwa nimeipita kila siku ya maisha yangu ya mjini na sikuwahi kuchora hata dirisha lake moja, na sasa iko wapi? Nikajiambia zilizobaki hazitanipita. Stesheni ya Longonot nikaichora. Kile kikanisa cha mawe walichojenga mateka Waitaliano wakati wa vita, chini ya ule mteremko mkali, nikakichora tena na tena, na kila mara msalaba ulitoka umelala upande kama mtu aliyelewa (kusema haki, msalaba wenyewe umesimama wima kabisa, kosa ni langu).

Sasa siku hiyo sikwenda Molo kuchora. Nilikwenda kutafuta mke. Msichana anaitwa Jerida, tulijuana kanisani Nakuru alipokuwa akikaa kwa dada yake, na baba yake, Mzee Elisha, alikuwa nyapara kwenye shamba la viazi nje kidogo ya Molo. Nilikuwa sijamwona kwa macho, lakini sifa zake zilinifikia: mtu mkali, hapendi mvivu, na mwongo hampi hata maji. Jerida alikuwa ameniambia waziwazi, "Baba akikukataa, mimi sitalivuka neno lake." Nilimheshimu kwa kusema hivyo, ingawa usingizi ulinipotea wiki nzima.

Kwetu kijana haendi ukweni kujisemea, mjomba ndiye angesema maneno. Lakini mjomba alikuwa na zamu, akasema atakuja na gari la mchana, na mimi kwa wasiwasi nikapanda la asubuhi, nimevaa koti lake jeusi na tai yake, penseli nimeichomeka sikioni kwa mazoea tu. Nikafika Molo mapema mno, baridi inakata masikio, mvuke unanitoka mdomoni, na mbele yangu imesimama ile stesheni ya zamani, mbao na mabati, dohani imeinama kidogo kama inasikiliza umbea. Nikajiambia, si nichore kidogo tu wakati nangoja? Nikageuza sanduku la mbao, nikakaa, nikaweka karatasi juu ya goti.

Akaja mtu mrefu mwenye blanketi begani, akanisimamia.

"Jambo, bwana."

"Jambo sana."

"Iko fanya nini hapa?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema "nachora" yote haya yasingetokea. Lakini zile zilikuwa siku za hali ya hatari, serikali ya wakoloni ikimshuku kila mtu, na mtu anayekodolea macho stesheni na kusema anachora angeweza kuulizwa anamchorea nani ramani. Hiyo ni sababu moja, na ni ya kweli. Ya pili ni kwamba niliona haya. Nikisema nachora atataka kuona, na dohani ilikuwa tayari imetoka kama kiatu. Nikajibu, "Naandika kidogo tu."

Mnajua Kiswahili chetu, neno hilo lina mimba ya mapacha. Anayeandika barua anaandika, na anayewapa watu kazi anaandika vilevile. Mimi nilisema pacha mmoja, yeye akasikia mwenzake. Simlaumu. Mtu mwenye tai na penseli sikioni, amekaa stesheni na karatasi gotini, ningekuwa yeye ningesikia hivyo hivyo.

"Unaandika wengi?" akauliza.

"Mpaka karatasi ijae," nikasema, macho yangu yako kwenye mabati.

Akaondoka mbio. Nikafurahi, nikadhani nimemchosha.

Sasa nyinyi hamjui ninavyochora. Nafumba jicho moja, nanyoosha mkono na penseli imesimama, napima paa lina urefu gani na mlango una urefu gani (niliona fundi mmoja akipima ukuta hivyo, nikaiga, sijui kama inasaidia). Kwa hiyo yule mrefu aliporudi na wenzake, walimkuta karani amefumba jicho moja anawapima kwa penseli. Wakajipanga. Wakavuta pumzi. Mmoja akakunja mkono kunionyesha msuli, mwingine akachukua kipande cha reli kilichokuwa chini akakinyanyua juu ya kichwa, na mimi nikawaza, watu wa Molo ni wachangamfu kweli asubuhi.

Lakini walikuwa wananizibia mlango. Nikasema kwa adabu, "Ndugu yangu mrefu, simama pale kulia. Na wewe pia. Wewe wa kofia nyekundu, hapo ulipo ni pazuri, usitoke."

Wa kulia wakapiga makofi. Wa kofia nyekundu akaanza kulalamika, "Kwa nini wao wachaguliwe mimi niachwe? Mimi nina nguvu kuliko huyo mrefu, huyo ana kifua cha kuku!"

"Kifua cha nani?" akasema mrefu, na blanketi likaanguka chini.

Mama mmoja akaniletea chai ya maziwa na viazi vya moto, akaninong'oneza kwamba mtoto wake ni yule wa shati la bluu, nimkumbuke. Nikanywa chai, nikala na viazi (lazima niseme ukweli, nilivimaliza), nikamjibu, "Nitamkumbuka, mama," maana nilidhani anataka aonekane kwenye picha. Nyuma yake mstari ulikuwa unazidi kurefuka, na wengine walikuwa wanakuja na majembe begani, udongo bado mbichi, kumaanisha wametoka shambani mchana kweupe wakaacha kazi ya mtu.

Akatokea mzee mmoja akauliza, "Karani, posho iko? Nyumba iko?"

Hapo ndipo nilipoelewa wanachongojea. Nikasimama juu ya sanduku. "Jamani! Mnanielewa vibaya! Mimi siandiki watu! Mimi naandika nyumba! Jengo! Hili hapa!"

Halafu mrefu akawageukia wenzake akatangaza, "Anaandika wa kujenga nyumba!"

Basi wakatumwa watu kuwaita mafundi, na kabla sijapata neno la kujitetea wamefika na nyundo, misumeno na mmoja na mlango mzima, sijui aliutoa wapi.

Wakati huo huo sauti ikapasuka nyuma ya umati kama ngurumo za mvua ya mawe. "Nani hapa anaandika watu wangu?"

Watu wakagawanyika. Akaja mzee mfupi, mpana, fimbo mkononi, matope mpaka magotini, na kila mwenye jembe aliyempita akalificha mgongoni. "Lori limesimama shambani halina hata debe moja! Viazi vimefukuliwa nusu, nusu viko chini, na usiku barafu itavichoma vyote! Wako wapi watu wangu? Wako kwa karani! Karani gani? Toka hapo juu nikuone!"

Nyuma yake alikuwa msichana aliyevaa kitambaa cheupe kichwani, amemfuata baba yake kutoka shambani, maana wageni walitarajiwa na gari la mchana. Akaniangalia. Akamvuta mzee mkono wa koti, akasema kwa sauti ndogo ambayo stesheni nzima iliisikia:

"Baba. Huyo ndiye mgeni wetu."

Ningependa kusema nilijibu vizuri. Niliteremka sandukuni nikakanyaga kikombe cha chai.

Mzee Elisha akanitazama kuanzia viatu, akapanda kwenye koti, akafika kwenye tai, na jambo la ajabu likatokea, uso wake ukalainika. "Kumbe," akasema polepole. "Jerida hakuniambia kwamba wewe ni karani wa kuandika watu. Alisema unabeba magunia."

Nawaambia, hapo shetani aliniketia begani. Ilikuwa nikae kimya tu, hata uongo wenyewe sikuhitaji kuusema, ulikuwa umeshasemwa na koti la mjomba. Mke ningempata pale pale. Lakini nikawaona wale waliosimama kulia, wamesimama vizuri kama nilivyowapanga, hawajasogea hata kidogo wasije wakaharibu bahati yao.

"Mzee," nikasema, "alikuambia kweli. Mimi nabeba magunia. Koti hili ni la mjomba. Hawa watu waliniuliza nafanya nini, nikaona haya kusema nachora, nikasema naandika. Nilikuwa nachora stesheni."

Nikampa karatasi. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Hili ni banda la kuku?"

"Ni stesheni, mzee."

"Na hiki kiatu juu ya paa?"

"Ni dohani."

Wa kofia nyekundu ndiye aliyeanza kucheka, akafuata mrefu, kikaenda kicheko mstari mzima mpaka kwa yule wa mlango. Mzee Elisha peke yake hakucheka. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akapandisha fimbo.

"Sikilizeni. Wangu wote rudini shambani. Na hawa wengine aliowaandika huyu, nami nimewaandika, maana viazi havijui karani ni nani. Na wewe," akanielekezea fimbo kifuani, "kwa kuwa umewaita, utaongoza."

Basi nikafukua viazi na koti la mjomba. Nilifukua mpaka mikono ikaota malengelenge juu ya yale ya magunia, mrefu upande mmoja, kofia nyekundu upande wa pili, wakinitania, "Karani, nipime kifua!" na Jerida akipita na debe anajifanya hanijui, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mjomba aliposhuka kwenye gari la mchana, maneno yake ya ukweni ameyapanga vizuri kichwani, wakamwelekeza shambani, akasimama kwenye ukingo wa mtaro akitafuta mpwa wake, na alichokitambua kwanza ni koti.

"Koti langu!" akasema. Ndiyo maneno ya kwanza aliyoyasema ukweni.

Lori liliondoka limejaa kabla jua halijazama. Tukaingia nyumbani, tukanawa, mjomba akakohoa kuanza hotuba, na Mzee Elisha akainua mkono.

"Usijichoshe, mkwe mwenzangu. Huyu nimeshamwandika."

Ile picha iko kwake mpaka leo, ukutani, na alama ya kidole cha matope mahali pa mlango. Wageni wakiuliza anawaambia ni banda la kuku.

Mimi nimekula yamini sitasema tena "naandika" nikiwa na penseli mkononi. Juzi tulikuwa Njoro, nachora kanisa la zamani, akaja mama akauliza nafanya nini, nikasimama nikamjibu kwa sauti, "Nachora!" Jerida alikuwa kando yangu, akaziba mdomo kwa kanga. Yule mama akaikagua karatasi kwa makini, akamwita mwenzake, "Njoo uone, kuna mtu anachora ng'ombe." Inauma kidogo, siwadanganyi. Lakini hakuna aliyejipanga mstari.